Shingo ya msusi

Ukitaka kumjua msusi wa siku nyingi, mwite kutoka nyuma. Hageuzi shingo, anageuka mwili mzima kuanzia kiunoni. Mimi nilianza kusuka nikiwa binti, kibarazani kwetu Tandika, mteja kakaa kwenye mkeka na kichwa chake kiko katikati ya magoti yangu. Baadaye nikapata fremu, kioo kikubwa, viti, na binti wa kunisaidia. Shingo ilikuwa inauma miaka yote hiyo na hakuna aliyeiita ugonjwa. Jioni tulipakana dawa ya kuchua, tukacheka, kesho yake tukafungua.

Kilichobadilisha mambo ni mkono. Ilikuwa Desemba, ule msimu ambao kila mtu anataka kwenda kwao akiwa amesuka, na mwaka huo wote walizitaka notlesi. Asiyeijua kazi hii nimweleze kidogo. Kwenye notlesi huanzi na rasta. Unaanza na nywele za mteja mwenyewe, kisha unaongeza rasta kidogo kidogo, nyuzi chache kila unapopinda, kwa kidole gumba na cha shahada. Macho hayaoni vizuri kinachoongezwa. Vidole ndivyo vinavyopima. Zile ndogo ndogo zinakula saa saba, nane, na muda wote huo uso wako umeelekea chini.

Basi vidole vikaacha kupima. Maumivu yalikuwa yameanza muda nyuma: yanatokea shingoni upande wa kulia, yanapita nyuma ya bega, yanashuka upande wa nje wa mkono, yanaishia kwenye gumba na kidole cha shahada. Halafu gumba likafa ganzi. Nikawa sijui kama nimechukua nyuzi tano au ishirini, msuko unatoka mnene hapa, mwembamba pale. Mteja aliuona kwenye kioo kabla yangu. "Dada, hii imekuwaje?" Nikafumua, nikarudia, nikafumua tena. Maumivu nilikuwa nimeyazoea. Kutojua nimeshika nini, hilo lilinitisha.

Usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi. Kitu kimoja tu kilinipa nafuu: kuuweka mkono wa kulia juu ya kichwa, kiganja utosini. Nikawa nalala hivyo, natazama taarifa ya habari hivyo. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi, na hilo hakulivumilia, kwani kwa wazee wetu mkono kichwani ni wa mtu aliyefiwa. "Toa mkono kichwani, mwanangu. Unamwitia nani msiba?" Naushusha kwa adabu, akitoka tu, naurudisha.

Hospitali ya kwanza niliyokwenda walinipiga eksirei, na daktari akaiinua picha dirishani. Pingili zimesagika, akasema, na shingo imenyooka badala ya kupinda kidogo inavyotakiwa. Akaniandikia sindano za diklofenaki, vidonge vya kuendelea navyo, kola ya kuvaa shingoni, na ushauri mmoja: niache kusuka. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko ule wa kusubiri foleni. Sikuuliza kitu. Neno kusagika lilikuwa limeshanijaa kichwani, nikajiona shingo yangu inapukutika ndani kwa ndani, na kwamba kila nikiinama namalizia kilichobaki.

Diklofenaki inatuliza, sitadanganya. Lakini ni dawa ambayo mtaani tunaichukulia kama peremende: mtu anaumwa mgongo, anaingia duka la dawa, anatoka nayo bila kuulizwa hata kama ana presha. Na presha inaipandisha, figo inaweza kuziumiza, na tumbo ndilo linalolipa kwanza. Mimi lilinianza kuwaka nikiwa bado na karatasi ya pili ya vidonge. Shangazi yangu ana vidonda vya tumbo, naijua sura ya mtu anayeamka saa tisa usiku kutafuta maziwa, nikaacha.

Kola nilivaa saluni. Kila mteja aliyeingia aliuliza ni gari gani lililonigonga. Kuna wanaoihitaji kola kwelikweli, waliovunjika au kufanyiwa upasuaji, na hata kwa mshipa wa fahamu uliobanwa inaweza kusaidia mwanzoni. Kuivaa mwezi hadi mwezi ni jambo lingine: misuli ya shingo inalala, na ukiivua kichwa kinakuwa kizito kuliko awali.

Mdogo wangu naye ana dawa yake. Ni kinyozi, na akimaliza kunyoa humshika mteja kidevu na kisogo, anampindua ghafla, kaa! Wateja wake wanalipenda lile lisauti, wanasema mfupa umerudi. Alitaka anifanyie mimi. "Dada, tulia, sekunde moja tu." Nashukuru woga. Ile sauti si mfupa kurudi mahali. Ni kiputo cha hewa kwenye majimaji ya maungio, sawa na unapovunja vidole. Hatari yake ni nyingine. Ndani ya pingili za shingo inapita mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo, mmoja kila upande, na kupindua kwa ghafla kunaweza kuuchana mmoja. Hutokea mara chache sana, lakini ikitokea ni kiharusi, na anaweza kukipata kijana. Nilimwambia mdogo wangu hayo baadaye. Sasa anawasugua tu mabega, na wapo wateja waliomkasirikia.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, umri wa mwanangu wa kwanza, niliyeelekezwa kwake na mteja mmoja muuguzi. Hakuanza na picha. Aliniambia nimsimulie siku yangu ya kazi, kuanzia ninapofungua mlango. Kisha akanipima: nikunje kiwiko yeye akivuta, nikunjue, nikaze kiganja, nitembee kisigino kwa kidole kwenye mstari, akanigonga na kinyundo kwenye viwiko na magoti. Mwisho akaniambia niinue uso, nilaze kichwa kulia, akakandamiza utosi kidogo tu. Umeme ukashuka mpaka kwenye gumba.

"Pole mama. Hapo nimeshapata nilichokuwa nakitafuta."

Shingo, akanieleza, ina pingili 7 na jozi 8 za mishipa ya fahamu. Mshipa wa 6, unaochomoza kati ya pingili ya 5 na ya 6, ndio unaofika kwenye gumba na kidole cha shahada. Ungebanwa wa 7, ningelalamikia zaidi kidole cha kati. Nilipomtajia habari ya mkono kichwani akacheka kwa furaha. Kumbe ni dalili wanayoifahamu: mkono ukiwa juu, mshipa uliobanwa unalegea. Nilitamani mama mkwe angekuwepo.

Ndipo nikaitoa ile picha kwenye bahasha, nikamwambia yamesagika hayo, mwanangu, kuna dawa kweli? Aliitazama kwa makini, hakuidharau. Akasema kwa umri wangu angeshangaa kuona picha safi. Akanipa mfano wa Japani, ambako watafiti waliwapima kwa kipimo cha picha cha MRI watu 1,211 wasioumwa shingo kabisa, wakayachapisha majibu mwaka 2015: zaidi ya asilimia 87 walikuwa na diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, iliyotokeza, wakiwemo wengi wenye umri wa miaka ya ishirini. Watu hao walikuwa wanakwenda kazini, wanalala vizuri, hawana habari. Kwa hiyo picha inaonyesha miaka uliyoishi. Kama inachoonyesha ndicho kinachokuumiza leo, hilo linahitaji kupimwa mwili, na wengi wenye mkono kama wangu hupata nafuu ndani ya miezi bila kisu.

Sijui kama aliona alichonifanyia. Nilitoka pale na mshipa ule ule uliobanwa, gumba lile lile lenye ganzi, lakini nilikuwa nimeacha kuibeba shingo yangu kama yai. Usiku ule niligeuka kitandani bila kuhesabu.

Kwenye chumba chake kulikuwa na dumu la maji la lita tano. Akaniambia nilishike nimelikumbatia kifuani. Rahisi. Sasa nyoosha mikono, lishike mbele. Sikumaliza dakika. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano hivi, akasema, na wewe mama unakishikilia mbele ya mwili kutwa, na wanaokishikilia ni misuli ya nyuma ya shingo. Hapo niongeze la kwangu. Ile picha inayozunguka kwenye simu, ya mtu aliyeinama na maandishi kwamba shingo inabeba kilo 27, ilitokana na hesabu za kompyuta za daktari wa upasuaji wa Marekani, Kenneth Hansraj, mwaka 2014. Hakuna mtu aliyepimwa akiwa ameinama. Inatisha watu bure. Kuinama si sumu. Mama zetu wameinama mashambani na wakabeba ndoo za kilo ishirini vichwani, wengine shingo zikawauma, wengine hazikuwauma. Tabu ni kuinama vile vile, saa saba, bila kubadilisha.

Kwa hiyo swali likawa si kuacha kusuka. Swali likawa kichwa cha mteja kikae wapi.

Hili nililifanyia kazi kuliko dawa zote, na hakuna daktari anayeweza kukufanyia, kwa sababu hajui kazi yako. Sehemu ngumu ni kisogo. Tunaanzia nyuma, mistari ya chini kabisa juu ya shingo ya mteja, na pale msusi anakunjika kabisa kumfuata. Nikachukua kreti tupu la soda, nikaligeuza, nikafunga juu yake mto mdogo kwa kanga. Mteja anakaa hapo juu ya kiti, mimi nakaa kwenye stuli, na ghafla kisogo chake kiko mbele ya kifua changu. Ninapopanda kuelekea katikati ya kichwa, kreti linatoka. Ninapofika mbele, kwenye paji, mimi nasimama na yeye anashuka kwenye kigoda. Ngazi tatu. Fundi wa kuchomelea jirani alinitengenezea baadaye kiti cha skurubu kinachopanda na kushuka, lakini kinalia, na kwa kisogo bado natumia kreti.

Kuinua sana nako kuna hasara yake. Mwanzoni nilimpandisha mteja mno, mikono ikawa inafanya kazi juu ya mabega, na kufika mchana mabega yakawa yanawaka. Kifuani ndipo pake, viwiko vikining'inia karibu na mbavu.

Simu ilikuwa mchawi wa pili. Mteja analeta picha ya msuko anaoutaka, naweka simu yake pajani, naitazama kila dakika. Siku hizi inasimama kwenye kioo, imeegemea chupa ya mafuta ya nywele, usawa wa macho. Na ile yangu nilikuwa naipumzikia: nikipata nafasi kati ya mteja na mteja, natoka kuinamia kichwa cha mtu naenda kuinamia simu, halafu nasema nimepumzika.

Binti ninayefanya naye kazi sasa tunapokezana. Zamani yeye alichambua rasta na mimi nikasuka, mwanzo hadi mwisho. Sasa kila mmoja anafanya vyote, tunabadilishana kila baada ya mistari michache, na kwenye kubadilishana huko nashusha mikono, nazungusha mabega, nageuza shingo kulia na kushoto pole pole, natazama barabarani. Ni muda wa kumeza funda la chai. Mteja hata haoni.

Mazoezi aliyonipa yule kijana yalikuwa madogo mpaka nikamtilia shaka. La kwanza: kukaa wima, kurudisha kidevu nyuma bila kukiinamisha wala kukiinua, mpaka unahisi nyama za kisogo zinavutika, unashikilia, unaachia. Ukilifanya sawasawa unaonekana una videvu viwili, kwa hiyo lifanye ukiwa peke yako. La pili: kukisukuma kichwa dhidi ya kiganja, mbele, nyuma na pembeni, kichwa kisitembee. Haya tulianza nayo mkono ukiwa bado unauma, kwa nguvu kidogo sana, na sharti lake lilikuwa moja: maumivu yakirudi nyuma kutoka vidoleni kuelekea begani, endelea, yakizidi kushuka vidoleni, acha, tuonane.

Ganzi ilipoanza kupungua akaongeza mpira. Nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli, nikaukanyaga ukanda wake kwa miguu, nikashika ncha mbili, na kuinua mikono pembeni hadi usawa wa mabega. Nilimuuliza dakika mbili kwa siku zitafanya nini. Akanitajia utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2011, watu 198 wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega, waliovuta mpira siku tano kwa wiki kwa wiki kumi. Wapo waliovuta dakika 12 kwa siku na wapo waliovuta dakika 2. Makundi yote mawili yalipata nafuu kuliko waliopewa maelezo tu. Jibu hilo lilinifaa, kwa sababu dakika mbili ninazo, na kumi na mbili ningezianza Jumatatu, Jumatano ningeziacha.

Mto pia. Nilikuwa nalalia mto wa sufi uliojazwa mpaka ukawa mgumu kama gogo, urithi wa harusi. Jumapili moja nikafumua mshono wa pembeni, nikatoa sufi konzi moja, nikalala ubavu, mume wangu akatazama kama pua yangu iko usawa wa katikati ya kifua. Bado juu. Konzi nyingine. Tulikoma pale kichwa kilipolala bila kupanda wala kushuka, nikashona. Sufi iliyobaki imetosha mto wa mtoto. Kulala kifudifudi nimeacha, kwa sababu ili upumue lazima shingo ipinde upande mmoja mpaka alfajiri.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kodi. Niliona kwamba mwezi ambao kodi ya fremu inakaribia na kikoba kinadai, shingo inakaza hata kama wateja ni wachache. Mabega yanapanda yenyewe kuelekea masikioni. Nilipomwambia kijana nikidhani atanicheka, alisema ndivyo ilivyo, usingizi mbaya na mawazo huongeza maumivu ya kweli, si ya kujitungia. Tiba ya kodi hakuwa nayo. Lakini kujua tu kumenisaidia: shingo ikikaza wiki ya kodi, siendi tena kutafuta kilichovunjika.

Gumba lilirudi taratibu, kwanza usiku ukawa mwepesi, kisha mkono, ganzi ikawa ya mwisho kuondoka. Desemba na wiki ya kuelekea Idi shingo bado hunikumbusha. Naikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, naongeza mapumziko, napunguza notlesi, nazidisha msuko wa twende kilioni, ambao ni kazi ya saa chache.

Lakini si kila shingo ni ya kreti na tyubu, na hili nawaambia wasusi wenzangu bila kupamba. Mteja wangu mmoja alikuwa analalamikia shingo na mgongo wa juu, anatoka jasho usiku, na nguo zinampwaya. Nilimwona kila mwezi, na mimi ndiye niliyemwambia mwili unaisha, nenda. Ilikuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo, kikatibika. Shingo iliyokaza pamoja na homa kali na kichwa kuuma, hiyo ni ya kukimbilia hospitali usiku huo huo, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Vivyo hivyo baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda; au miguu ikiwa mizito na unajikwaa, mikono inashindwa kufunga vifungo, haja ndogo inatoka au inagoma. Na maumivu ya shingo, taya na bega yanayokuja na kubanwa kifua yanaweza yasiwe ya shingo, yakawa ya moyo.

Siku hizi natazama na shingo za wateja. Na wao wameinama saa zile zile nilizoinama mimi, halafu wanaondoka na rasta zinazofika kiunoni. Beseni la kuoshea nywele nimeliwekea taulo nene iliyokunjwa pale shingo inapoegemea, na simwachi mtu amelaza kichwa nyuma kwa muda mrefu. Mwaka 1993 daktari wa Marekani, Michael Weintraub, aliandika habari za wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele saluni, shingo zikiwa zimekunjwa nyuma kwenye beseni. Ni jambo la nadra mno. Bibi mwenye kizunguzungu, hata hivyo, namwosha akiwa ameinamia mbele, au tunatumia ndoo na kopo tu.

Bei na muda nasema mapema, kabla sijachambua rasta: notlesi ndogo kwangu ni siku nzima na katikati tutasimama, mimi na wewe. Wapo wanaoondoka, wanakwenda fremu ya tatu kutoka hapa, kwa dada mmoja anayemaliza kichwa kwa saa tano bila kunyanyuka. Juzi alikuja mwenyewe, akageuka mwili mzima kutazama kama kuna mteja anayesikia, akaniuliza lile kreti nililipata kwa nani.